Orijino au ya kawaida? Kuchagua vipuri vya baiskeli kati ya madaraja matatu

Ukiingia duka la vipuri vya baiskeli Kariakoo na kuomba cheni, utaulizwa kabla hujamaliza sentensi: "Nikupe orijino au ya kawaida?" Orijino ya nani, hasemi. Kawaida ya kiasi gani, hasemi pia. Unapiga hesabu ya haraka, unachukua ya kawaida, na njia nzima ya kurudi nyumbani unajiuliza kama umejipunja. Usiku ukifungua simu unakutana na mtu aliyenunua seti ya gia kwa pesa ya pikipiki mpya, naye anaapa kwamba maisha yake yamebadilika.

Kati ya huyo wa kwenye simu na yule wa dukani kuna nafasi kubwa, na wengi wetu tumo humo katikati hatujui tuegemee wapi. Nimekwenda kazini kwa baiskeli Dar es Salaam kwa miaka tisa. Vipuri vya daraja la chini nimevitumia hadi vikanifia mikononi, vya kati ndivyo nilivyo navyo sasa, na vya juu nimevionja kwa miezi miwili kwenye baiskeli ya kuazima, mwenyewe alipokuwa safarini. Ninachokiona ni kwamba pesa ya ziada hainunui kitu kilekile kila hatua. Ukitoka chini kwenda kati unanunua uhai wa kipuri. Ukitoka kati kwenda juu unanunua wepesi, na mara nyingine wepesi huo unaulipia kwa uhai uleule uliotoka kuununua.

Tunapima kwa vigezo gani

Vigezo vyangu ni vitano. Kwanza uimara, hasa kwenye vumbi, mchanga, mvua za masika na chumvi ya pwani. Pili, kikiharibika nani atakitengeneza na kipuri kitatoka wapi. Tatu uzito na wepesi wa kuendesha. Nne breki. Tano gharama ya miaka miwili au mitatu, maana bei ya siku ya kununua ni mwanzo tu wa hesabu.

Rangi, jina lililochorwa kwenye fremu na macho ya watu kwenye foleni sivihesabu, ingawa najua vina nguvu yake.

Madaraja yenyewe

Daraja la chini ni vipuri vya baiskeli nyeusi za kazi kama Phoenix na Hero, pamoja na vile vya baiskeli za "gia 21" zinazouzwa mpya kwa bei ya kuvutia. Chuma ni kingi, na friwili, yaani meno ya nyuma pamoja na sehemu inayoyaacha yazunguke bure, inafungwa kwa nyuzi za skrubu kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Tourney, seti ya gia ya kampuni ya Shimano ya Japani, nayo naiweka humu, juu kidogo ya wenzake.

Daraja la kati ni pale ambapo kaseti, yaani meno peke yake yanayovikwa juu ya habu, inachukua nafasi ya friwili: Alivio, Deore na CUES za Shimano, Claris hadi 105 kwa baiskeli za barabarani, na wenzao kama microSHIFT ya Taiwan au Apex ya SRAM. Shimano nitaitaja sana kwa sababu ndiyo inayoonekana zaidi madukani kwetu.

Daraja la juu ni Dura-Ace, XTR, SRAM Red na Super Record ya Campagnolo. Ultegra na XT zimekaa mpakani, nitaziacha hapohapo.

Uimara

Hapa ndipo tofauti ya chini na kati inapoonekana bila kutumia miwani.

Baiskeli yangu ya kwanza ilikuwa ya gia 21. Kila baada ya miezi mitatu au minne ekseli ya nyuma ilipinda au kukatika kabisa, nami kila mara nilinunua nyingine, tena nikawa nachagua ile nene ya "orijino". Siku moja fundi wangu wa Buguruni alichoka kunihurumia. "Kaka," akaniambia, "ekseli unaionea bure. Tatizo ni habu."

Alikuwa sahihi, na maelezo yake yanafaa kujulikana na kila anayenunua baiskeli ya gia. Kwenye habu ya friwili, gololi za upande wa kulia zinakaa ndani, nyuma ya friwili. Kutoka hapo hadi kwenye fremu, ekseli inabaki peke yake sentimita tatu au nne bila kushikwa na kitu. Ongeza idadi ya gia, na kipande hicho kinazidi kuwa kirefu. Weka mtu wa kilo 80, begi, na mashimo ya barabara ya ndani, na chuma lazima kisalimu amri. Kwenye habu ya kaseti, gololi za kulia zimesogezwa nje karibu kabisa na fremu, kwa hiyo ekseli inashikwa pale inapobeba mzigo. Shimano waliuleta muundo huo mwaka 1978, yaani si maajabu ya jana. Tangu nihamie kwenye kaseti sijapinda ekseli hata moja.

Angalia lakini kwamba baiskeli nyeusi ya kazi, isiyo na gia, haina ugonjwa huu. Friwili yake ni moja na nyembamba, kwa hiyo gololi zake haziko mbali na fremu. Ndiyo maana inabeba magunia ya mkaa mwaka baada ya mwaka wakati "gia 21" inalia kwa mfuko mmoja wa saruji. Daraja la chini si kitu kimoja. Ubovu mwingi uko kwenye vipuri rahisi vinavyojaribu kuiga vya gharama.

Daraja la kati lina chuma kigumu zaidi kwenye meno, mihuri mizuri ya kuzuia vumbi kwenye beringi, na springi za gia zisizolegea baada ya mwaka. CUES, iliyotoka 2023, imetengenezwa kwa meno mazito kwa makusudi ya kudumu. Kampuni yenyewe inadai kaseti zake hudumu hadi mara tatu ya zile za mfumo wake wa kawaida. Hayo ni madai ya muuzaji, lakini meno manene unayaona kwa macho.

Daraja la juu linahitaji haki yake. Beringi zake ni laini, mihuri ni bora, na vipande vimefanyiwa kazi ya unadhifu ambao kidole kinaugundua kabla ya jicho. Gia za umeme, zinazosogezwa na mota ndogo ya betri, hazina waya wa kuvuta wa kuingia mchanga au kushika kutu, jambo ambalo kwenye matope ya masika ni faida ya kweli. Ila mahali pengi lengo la mtengenezaji lilikuwa kupunguza gramu. Meno makubwa ya kaseti ya Dura-Ace ni ya titani, nyepesi lakini huisha mapema kuliko chuma. Magurudumu mepesi mara nyingi hufungwa spoku kwa nati za alumini, na kwa anayeishi Tanga, Unguja au Mombasa, chumvi huzila hadi zikapasuka zenyewe zikiwa zimeegeshwa ukutani. Nati za shaba ya njano, ambazo ni za bei ndogo, zinavumilia bahari vizuri zaidi.

Fundi na vipuri

Daraja la chini hapa halina mpinzani. Kotapini, gololi, cheni nene, friwili: fundi yeyote chini ya mwembe, kuanzia Shinyanga hadi Kisumu, anavyo kwenye kopo la rangi, na nyundo yake inatosha. Ukiharibikiwa saa tatu asubuhi, saa nne uko njiani. Kwa anayeishi kwa baiskeli hiyo, saa hiyo moja ndiyo chakula cha watoto.

Daraja la kati linahitaji fundi mwenye spana ya kaseti na kifaa cha kutolea ekseli ya pedeli. Mijini wapo. Uzuri mkubwa uko kwenye gia 8 na 9 za nyuma: sehemu nyingi za Shimano za ngazi hizo zinachanganyika, na cheni ya gia 8 inakaa pia kwenye gia 7 na 6. Ukikwama Dodoma utapata kitu cha kukufikisha. Habu za Shimano, hata za bei kubwa, nyingi bado ni za gololi na koni, na hizo fundi wetu anazijua tangu utotoni.

Daraja la juu ni gia 12 au hata 13 za nyuma (12 unazikuta pia kwenye 105), na hapo milango inaanza kufungwa. Cheni ya gia 12 ina upana wa kama milimita 5.3, wakati ya gia 8 inafika 7. Kila kampuni ina kaseti yake na namna yake ya kuifunga kwenye habu. Breki za mafuta za Shimano zinatumia mafuta ya madini, za SRAM nyingi zinatumia yale ya breki za gari, na ukikosea kuchanganya, mihuri inaharibika. Usukani wa kaboni unafungwa kwa spana ya kupimia nguvu, maana ukikaza kwa hisia unaweza kuupasua kimyakimya. Betri ya gia za umeme za Dura-Ace inakwenda kama kilomita 1,000 kwa chaji moja kwa mujibu wa Shimano, na hilo silioni kama tatizo. Tatizo ni siku kipande kidogo kitakapovunjika na jibu likawa "agiza, subiri wiki tatu".

Septemba 2025 Kigali ilipokuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, tuliwaona kina Tadej Pogačar wakipanda vilima vile kwa vifaa vya daraja hili. Nyuma yao kulikuwa na magari yenye baiskeli nzima za akiba juu ya paa, na fundi ndani. Vifaa vile vimebuniwa kwa maisha hayo. Nyuma yako wewe kuna daladala inayopiga honi.

Uzito

Baiskeli nyeusi ya kazi ina kilo kama 20. Baiskeli nzuri ya daraja la kati ina kilo 9 hadi 13. Zile za mashindano zinakaribia kilo 6.8, ambayo ndiyo chini kabisa inayoruhusiwa na shirikisho la dunia la mchezo huo, UCI, tangu mwaka 2000. Ukizitazama hivyo utadhani gia ndizo zinazofanya kazi yote, kumbe sehemu kubwa ya tofauti ni fremu na magurudumu.

Seti ya Dura-Ace na seti ya 105, zote za umeme, zinapishana kwa karibu nusu kilo. Chukua kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita kama 33 za kona na kilima. Mtu, baiskeli na maji vikifika kilo 82, nusu kilo ni asilimia 0.6. Kama safari hiyo inakuchukua saa mbili, umeokoa chini ya dakika moja. Kwa mshindani, dakika ni medali. Kwa wengine, ni muda wa kununua plamu moja barabarani.

Kutoka chini kwenda kati ni hadithi nyingine. Unapunguza kilo kadhaa, na zaidi ya hapo unapata gia zinazoingia pale unapozihitaji, katikati ya kilima, badala ya kukwaruza na kuruka. Hilo mguu unaliona kila siku.

Breki

Ringi ya chuma iliyopakwa kromu, ikilowa mvua, inateleza dhidi ya raba kama sabuni. Hili ndilo pungufu baya kuliko yote la daraja la chini, na ndilo watu wanalizoea hadi siku wanapoingia chini ya gari. Ringi ya alumini peke yake, kwa breki zilezile, inabadilisha mambo.

Daraja la kati linakupa ringi za alumini na raba nzuri, au breki za diski. Breki za mafuta za kiwango cha kawaida, kama MT200 ya Shimano, zinasimamisha baiskeli kwa kidole kimoja hata kwenye mvua, na kwa maoni yangu hapo ndipo kila shilingi inarudi. Za daraja la juu zinavumilia joto la mteremko mrefu na zina hisia nzuri zaidi kwenye kidole. Ukishuka Lushoto kwa kasi utazipenda. Kati ya Tabata na Posta hutazitofautisha.

Gharama baada ya miaka

Kaseti ya gia 8 kwa bei za maduka ya nje ni kama dola 25 hadi 30. Ya 105 ya gia 12 ni kama dola 70. Ya Dura-Ace inapita dola 300. Ongeza usafiri na kodi. Zote tatu ni vitu vinavyoisha, na mchanga wa Kigamboni haujui ipi ilikuwa ghali.

Daraja la chini lina bei ndogo ya kuanzia lakini linadai mara kwa mara. Nilipojumlisha ekseli zangu, gharama za fundi na siku nilizopanda bodaboda kwa sababu baiskeli ilikuwa imelala, nilikuta ningenunua gurudumu zuri mara mbili. Isipokuwa, narudia, baiskeli nyeusi ya kazi: hiyo kwa kila kilomita huenda ndiyo rahisi kuliko zote.

Daraja la kati linagharimu zaidi mara moja kisha linatulia, mradi cheni ibadilishwe kwa wakati. La juu linagharimu sana mwanzoni na linaendelea kugharimu kwa kila kinachoisha. Kwa mwenye uwezo hilo si kosa. Kuna watu hununua saa nzuri, na hakuna anayewauliza kama inaonyesha muda tofauti.

Kabla hujapanda daraja

Kuna sehemu ambazo pesa kidogo inafanya kazi kubwa, baiskeli iwe ya daraja lolote. Tairi ndiyo ya kwanza. Tairi nzuri inayozunguka kwa wepesi na kuvumilia miiba utaihisi zaidi kuliko gia yoyote ya bei mbaya. Pili ni spoku za chuma kisichoshika kutu, zikifungwa na fundi mwenye mkono mtulivu. Tatu raba au pedi za breki. Nne, kile kipande kidogo kinachoshikilia gia ya nyuma kwenye fremu za alumini na kaboni. Kina umbo tofauti karibu kwa kila fremu, kinapinda baiskeli ikianguka, na ukikikosa baiskeli ya mamilioni inageuka pambo. Nunua cha akiba siku ileile unayonunua baiskeli.

Na kama fremu yako ni ya "gia 21" ya kawaida, usiibebeshe vipuri vya bei kubwa kimoja kimoja. Uza, ongeza pesa, nunua baiskeli iliyokuja na vipuri vya kati tangu kiwandani. Ukivinunua kimoja kimoja dukani utalipa zaidi.

Kwa hali yako

Unabeba mizigo au abiria, na baiskeli ndiyo mtaji: baki na mfumo wa daraja la chini usio na gia nyingi. Pesa ya ziada iweke kwenye gurudumu la nyuma, spoku nene, keria na breki.

Unakwenda kazini kilomita 10 hadi 25 kwa siku mjini: daraja la kati, gia 8 au 9, ringi za alumini au diski. Ukiwa pwani, ogopa nati za alumini na osha chumvi kila wiki.

Mfuko umebana: tafuta mtumba wa Japani. Nyingi zina gia 3 zilizofichwa ndani ya habu ya nyuma, haziguswi na vumbi na zinadumu mno. Vipuri vyake ni adimu, kwa hiyo zungusha gurudumu na ujaribu gia zote tatu kabla ya kulipa.

Unasafiri mbali, Dar hadi Mbeya au kuzunguka ziwa: kati, gia 9, na uchague vitu ambavyo fundi wa njiani amewahi kuviona.

Unapanda wikendi na wenzako, Pugu na Kisarawe au Bagamoyo na kurudi: 105, Deore au wenzao. Ukitaka kupanda zaidi ya hapo, anza na magurudumu na tairi.

Unashindana kweli, unahesabu sekunde, na una mtu wa kukutengenezea: daraja la juu lina maana kwako. Hata hivyo kwa mashindano ya changarawe kama Migration Gravel Race kule Maasai Mara, wazo la kaseti ya chuma kwenye baiskeli ya mbio si la kudharau.

Una pesa na unapenda tu vitu vilivyotengenezwa vizuri: nunua, furahia, na mweke karibu fundi mwenye spana ya kupimia nguvu.

Daraja lolote utakalochukua, dukani uliza gia ngapi nyuma, friwili au kaseti, na nati za spoku ni za nini. Jina la Shimano kwenye boksi lisikulevye, boksi huigwa. Halafu nunua rula ya inchi 12. Weka sifuri katikati ya pini moja ya cheni. Kwenye cheni mpya, pini ya 24 baada ya hiyo inaangukia inchi 12 kamili. Ikipitiliza kwa milimita moja na nusu, badilisha cheni. Ikipitiliza tatu, kaseti nayo imekwenda.